Kanzu Iliyofuliwa Mtoni

Siku ya posa ya binti yake Tunu, Ngwali alizificha uvunguni buti zake za kazi. Hakutaka wakwe wajue kwamba ndiye msimamizi wa mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji.

"Kumbe wewe ndiwe wa majitaka?" Bi Mwanahija, mama wa kijana, aliuliza kabla hajaketi.

Ngwali akainamisha kichwa. Basi, posa imevunjika.

"Inua uso, mkwe wangu! Sisi tunakaa kule mto unakoelekea. Kabla ya mabwawa yako, nguo nyeupe zilitoka mtoni na rangi ya tope." Akatoa kapuni kanzu nyeupe pepe. "Ya bwana harusi. Nimeifua mtoni jana. Nusa!"

Ngwali akazamisha uso ndani ya kanzu ile, asiuinue hata Tunu alipoingia na chai.