Grafu Iliyokatikia Mlimani

Kikokotoo kipya kilizimika mkononi mwa fundi aliyekuwa akikiunda, mstari wa grafu ukiwa katikati ya kupanda mlima kwenye kioo. Betri mpya zilidumu saa mbili tu, na mtihani wa watoto huchukua saa tatu.

"Dada, chagua prosesa ya kuendesha hivyo vikokotoo, nina foleni hapa!" muuzaji wa vipuri alifoka kwenye simu. "Ya kasi imebaki katoni moja. Ile ya zamani ni konokono, ingawa yenyewe hunywa betri kwa kijiko, kidogo kidogo."

Mlangoni, bosi alinong'ona, "Walimu wanaovinunua nimewaahidi kasi. Ukichukua konokono, kesho sote tuko barabarani."

Fundi aligusa prosesa ya kasi aliyokuwa akiijaribu ndani ya kikokotoo. Ilichoma kama sufuria iliyo motoni. Akilini alimwona mtoto mmoja, saa ya tatu ya mtihani, akibonyeza vitufe mbele ya kioo cheusi.

"Konokono," aliiambia simu, kidole kikiwa bado kinaungua, asithubutu kugeukia mlangoni.