Maziwa ya Shule

Mfugaji aliinamisha ndoo ya pili, maziwa yakatiririka mferejini nyuma ya zizi. Hakuyatazama. Zamani angeumia kumwaga hata kikombe kimoja. Sasa alimwaga kama mtu anayemwaga maji aliyooshea miguu.

"Ndama ameshiba?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Ameshiba. Na paka ameshiba. Sasa tunaushibisha mfereji."

Mkewe hakucheka, wala yeye hakutegemea acheke.

Balaa liliingia na magunia ya pumba. Muuzaji wa chakula cha mifugo aliwauzia pumba zilizoloa ghalani, zikaota ukungu ndani kwa ndani, juu zikafunikwa na pumba nzuri. Ng'ombe walikula. Bwana afya alipopima maziwa alikuta sumu ya ukungu ule. Shule iliyokuwa ikichukua sehemu kubwa kwa ajili ya watoto iliacha siku hiyo hiyo, na majirani wakafuata.

Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeugua. Magunia yalichomwa moto, vihori vikasuguliwa kwa maji ya moto, chakula kikanunuliwa kwingine. Bwana afya alirudi akapima, akarudia kupima, akasema maziwa sasa ni safi. Alikwenda hata kutangaza shuleni mbele ya wazazi. Wazazi walimpigia makofi, kisha wakapita dukani kununua maziwa ya pakiti.

"Tuzidi kuomba," mkewe alikuwa akimwambia. "Mola hamtupi mja wake."

"Amina," mfugaji aliitika, kama anavyoitikia mtu aliye nusu usingizini. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hata mchinjaji alipokuja kuwapapasa ng'ombe wake migongo, mmoja baada ya mwingine, alisimama tu akitazama ukuta. Walikubaliana kwamba mchinjaji atakuja na gari kesho asubuhi, isipokuwa kama shule itarudi.

Na shule ilikuwa imesema itamtuma mtu leo.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa mpishi mkuu wa shule, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Watoto walimwita Mama Sufuria, naye aliitika. Mwalimu mkuu alikuwa amemwachia neno la mwisho: akisema ndiyo, ni ndiyo.

"Karibu, dada," mfugaji alisema. "Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa, kaka yangu. Nimekuja kunusa."

Kweli alinusa. Alifungua gunia la pumba, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachota za chini kabisa. "Za juu hizi ni za kumwonyesha mgeni," alisema. Alizifikicha, akazipuliza, akazinusa tena. Kisha akainama kwenye kihori na kukisugua kwa kidole pembeni, mahali ambapo uchafu hupenda kujificha.

"Hee! Kihori hiki kisafi kuliko sahani za walimu wangu."

"Tunajitahidi."

"Mlikasirika tulipowaacha?"

Mfugaji alifikiri. "Nilikasirika. Bwana afya amesema safi, lakini watu wakiiona ndoo yangu wanavuka barabara. Nikawa najiuliza, jamani, binadamu huyu anataka aambiwe nini tena? Mwisho nikachoka kuuliza."

"Usinilaumu. Wale watoto si wangu, nimekabidhiwa. Mzazi akiniuliza siwezi kumjibu kwamba mfugaji ana sura ya upole. Na wewe mwenyewe sura yenyewe hiyo..."

Mkewe alicheka. Ulikuwa muda mrefu hajacheka.

Mama Sufuria aliomba waendelee kukamua ng'ombe aliyebaki. Mkewe alimwosha ng'ombe kiwele kwa maji ya vuguvugu huku midomo ikicheza bila sauti. Mfugaji alijua anaomba. Kisha yeye akachuchumaa na kuanza kazi. Maziwa yalilia kwenye ndoo, povu likapanda. Mgeni alisimama karibu, mikono kiunoni, hakupepesa macho mpaka ndoo ilipofunikwa.

"Basi," alisema. "Nimesikia habari za mchinjaji wako; mwambie akatafute ng'ombe kwingine. Nampigia mwalimu mkuu sasa hivi."

Kitu kilitikisika kifuani mwa mfugaji, kidogo tu, kama mguu uliolaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Alifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mungu mkubwa!" mkewe alisema, akijipangusa machozi kwa kiganja. "Dada, huwezi kutuletea heri hii ukaondoka na koo kavu. Ingia ndani. Chai iko tayari, ninayo kwenye chupa."

Waliingia sebuleni. Mama Sufuria alijitupa kwenye kochi, akatoa simu na kuanza kutafuta namba. Mkewe alikuja na sinia, akamimina chai kwenye vikombe vitatu kwa mkono ulioizoea kazi, akamkabidhi mgeni kilichojaa zaidi, kwa mikono miwili.

Mfugaji alipuliza chake, akanywa funda refu. "Tatizo la watu, dada," alisema, "ni wagumu kuamini. Kitu kimepimwa, kimerudiwa kupimwa, bado wanakiogopa."

Mama Sufuria alikuwa ameishusha simu mapajani. Alitazama kikombe chake, akatazama cha mfugaji, kisha cha mkewe. Vyote vitatu vilikuwa na chai ya rangi, bila tone la maziwa.

"Karibu sukari," mfugaji alisema.