Alama ya Pistoni ya Tatu

Mwenye ile pikapu nyeupe alikaa kwenye benchi la gereji na kukataa hata chai. "Inagonga tu, fundi. Fanya haraka, nina safari."

Fundi Kibwana alikuwa ameshaishusha injini na kuilaza kichwa chini juu ya magunia. Alifungua bolti, akainyanyua kranki nzito iliyochuruzika oili, kisha akaanza kuzisukuma pistoni nje kwa mpini wa nyundo.

Kila fundi ana alama yake ya kumwonyesha pistoni ipi irudi tundu lipi. Kibwana hukata mikato midogo kwa tupa, upande wa ndani, asikoangalia mtu. Aliifuta pistoni ya kwanza akakuta mkato mmoja. Ya pili ilikuwa na miwili. Ya tatu ilikuwa na minne, na wa nne umekwanguliwa ili ufutike.

Akaihesabu tena mikato hiyo kwa ukucha. Kosa hilo alilifanya mara moja tu maishani, kwenye pikapu ya bluu ya mdogo wake Shomari, na Shomari alimcheka mpaka akakaa chini. Masika yaliyopita Shomari aliondoka na gari lake. Hakurudi yeye, wala gari halikuonekana.

"Vipi fundi, umeona kitu?"

"Hamna, bosi. Beringi tu zimekwisha."

Aliilaza pistoni taratibu, mikato ikitazama gunia. Nyuma yake benchi lililia, halafu akasikia komeo la lango likisukumwa kwa ndani.