Mgongo wa Maman Clémence

"Tena," alisema Maman Clémence.

Emérence akalala chali kwenye mkeka kwa mara ya nne asubuhi ile, akalivuta goti moja hadi kifuani. Ndani alikuwa anachemka. Aliajiriwa kufagia na kufua katika nyumba hii ya Nguba, mtaa wa wakubwa. Hakuajiriwa kufanya yoga na mke wa mkubwa wa chama.

"Pumua. Sasa ushushe muguu pole pole. Tena."

Mwezi wa pili huu, kila siku ya Mungu. Kazi yake iliisha saa nne, na yoga ikamla hadi saa tano. Saa hiyo haikuwa ya kuchezea. Kule juu mlimani, mtaa wa Cimpunda, mama yake alilala hawezi hata kujigeuza, mgongo umeharibiwa na miaka ishirini ya kupandisha magunia kutoka bandarini hadi soko la Kadutu, kamba ikivuta kwenye paji la uso. Hospitali walimpa vidonge na pole. Kila Emérence alipochelewa alimkuta ameloa, uso kaugeuzia ukutani kwa aibu.

Mara tatu aliomba ruhusa ya kuondoka mapema. Mara tatu akajibiwa, "Yoga iishe kwanza."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu, kwa macho ya Emérence, hata kanda la usufi hakuwahi kulinyanyua. Mtu wa kubadili pagne, vitenge vyake vya bei, mara tatu kwa siku, kilemba kakishusha hadi nyusi kama wake wote wa wakubwa tangu chama kipige marufuku mawigi. Na uvivu wake! Kitabu cha yoga kilijaa picha za watu waliosimama kwa mguu mmoja, waliopinda kama upinde, lakini yeye alichagua mazoezi ya kulala tu. Hata kusoma kulimshinda. Alimsukumia Emérence kitabu: "Soma weye, macho inaniuma."

Ndivyo Emérence alivyojua yoga ni ya nani. Kitabu kiliwataja: karani anayekaa kitini kutwa, bwana mwenye tumbo kubwa, bibi asiyepata usingizi. Ingewanyoosha viungo, iwatulize moyo, iwarudishie afya. Alimtafsiria mama huyo Kifaransa cha kitabu kwa sauti kavu.

"Na wenye kubeba muzigo?" aliuliza Maman Clémence.

"Haiko ndani, maman."

"Angalia muzuri."

"Nimeangalia. Haiko."

Lakini kilichomuuma kuliko vyote ni gunia la makaa. Juzi alipoinama kulinyanyua, yule mama alimpigia kelele kutoka barazani: "Si vile! Uchuchumae kwanza, uweke yote ku mugongo, kisha usimame na mapaja!" Mwanamke asiyefua hata kitambaa chake cha mkono, anamfundisha mtoto wa mbebaji kubeba! Emérence hakula siku ile kwa hasira.

"Goti ya kuume," alisema sasa Maman Clémence. "Tena."

Emérence akainuka.

"Siwezi tena, maman. Munifukuze. Mama yangu iko analala mu mikojo, na miye niko hapa navuta magoti juu ya kuwafurahisha! Mugongo yenu inauma juu ya nini? Juu ya kukaa? Nawaomba saa moja, saa moja tu, munakatala. Hata siku moja hamukuuliza mama yangu anaitwa nani!"

Alijua amejimaliza. Mshahara ule ndio uliotia chakula chunguni mwao, hawakuwa na kingine. Akabaki amesimama hapo, anasubiri kofi.

Maman Clémence hakumpiga. Alikwenda kufunga mlango, akarudi, akainua mikono miwili na kukifungua kilemba.

Paji la uso wake lilikuwa na mfereji, toka upande hadi upande, mpana wa vidole viwili, umezama kama uliochimbwa mfupani.

"Anaitwa Georgette," alisema. "Ku mulima ya Kadutu yeye alikuwa mbele na gunia yake, miye nyuma na yangu. Bwana yangu amenikataza kufika kwake. Sasa yoga yote unaijua. Enda, umufundishe."