Mwana wa Acidri Amerudi

Mgeni alikijua kisima. Alisema kilikuwa nyuma ya shule ya zamani, na kwamba kilifukiwa baada ya ng'ombe wa padri kutumbukia ndani. Wazee wa Pajulu waliokaa kwenye veranda ya kanisa wakatazamana, maana kisima hicho hata vijana wa hapo hapo hawakupata kukiona.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, kanzu yake safi, na jina lake Hakim. Alitoka Koboko asubuhi ile. Kilugbara chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo alisema Kiswahili na wazee wakamhoji kwa Kiswahili. Alidai kwamba kabla ya kuitwa Hakim alikuwa Yugu, mwana wa marehemu Acidri, aliyepotea mwaka wa themanini watu walipokimbia vita kwenda Zaire.

Yote yalianza na redio. Kila mwaka, ufuta ukishavunwa, redio moja ya Arua huwapa wanavijiji zamu ya kueleza habari zao: nani ameoa, nani amekufa, daraja lipi limechukuliwa na maji, na zamani palikuwaje. Zamu ya Pajulu ilipofika, watu walieleza kisima, shule, na ile safari ya kukimbia. Wengi walitaja wafu wao, jina baada ya jina. Kevina, binti wa Acidri, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele za watu, alikishika kipaza sauti akasema machache tu, yale yale aliyoyasema tangu arudi kutoka ukimbizini. Alikuwa na mdogo wake, Yugu, wakapoteana njiani. Kama yu hai, ajue kwamba nyumbani bado pana mtu.

Mtu huyo alikuwa yeye peke yake. Wazazi walifia ukimbizini, mume alikwisha kufa, na watoto hakujaliwa. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja. Siku nyingine mkono ulijisahau akapika cha wawili, na kilichobaki akakila asubuhi kikiwa baridi.

Sasa alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono mapajani, akisikiliza.

Abiriga, mwenyekiti wa kijiji, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwangalifu. Alisema kisima na ng'ombe wa padri vilitajwa redioni, na hata mtu wa Kampala angeweza kuvijua. Tena Acidri aliacha shamba zuri. Akamtaka mgeni aseme jambo analolikumbuka mwenyewe.

Hakim alivua viatu, akavishika mkononi.

"Mimi nakumbuka mto," alisema. "Watu iko mingi. Mutu moja alinishika mkono, halafu mkono haiko tena. Ni hiyo tu, mzee. Siwezi kudanganya."

Kisha akaeleza yaliyobaki. Askari mmoja wa Koboko, naye akiwa mbioni, alimkuta analia kando ya maji, akamchukua hadi kwa mkewe Aidah. Wakamlea kama wao. Yeye hakujua jina lake wala la baba yake, na wao hawakuwa na wa kumwuliza. Askari alifariki zamani. Aidah alizikwa mwaka huu, na baada ya matanga Hakim alibaki nyumbani na redio tu, mpaka Jumapili ile aliposikia mwanamke wa Pajulu akimtafuta mdogo wake.

Abiriga akatikisa kichwa. Mto na umati, alisema, kila mtu wa umri ule anavyo. Akamgeukia Kevina.

"Dada, wa nyumba ile umebaki wewe. Huyu ni Yugu au si Yugu? Ukisema siye, atarudi kwao kwa amani."

Kevina alimtazama mgeni. Alitazama masikio yake, vidole vyake, na jinsi alivyosimama na viatu mkononi kama mtoto aliyeitwa mbele na mwalimu. Kisha akainuka.

"Mkono huo ulikuwa wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeuachia. Unisamehe."

Hakim alipiga magoti pale pale kwenye saruji. Abiriga alivua kofia, akafuta macho, akaandika jina la Yugu wa Acidri katika daftari la kijiji.

Wiki hiyo Hakim alileta vitu vyake. Aliezeka upya jiko lililokuwa likivuja, akang'oa muhogo, wakagombana juu ya chumvi. Ijumaa alikwenda msikitini mjini, Jumapili Kevina alikwenda misa, na kila mmoja alimngoja mwenzake ndipo wale. Alimwita dada. Mara ya kwanza alipomwita hivyo akiwa uani, Kevina alijifanya anapuliza moto. Jirani yake, Pasca, alimwambia kwamba Mungu huwasikia wanaongoja. Kevina akasema ni kweli.

Kiangazi kilipoingia, Hakim aliomba jambo moja. Alitaka wavuke wote wawili, upande wa Kongo, wafuate njia ile ya zamani mpaka mtoni, aone mahali alipopotea. Kevina alikataa. Alisema njia ameisahau, na kwa miaka yote hiyo lazima imefunikwa na msitu. Hakim hakubisha. Alichukua panga, akaenda kukata kuni.

Njia Kevina hakuisahau. Ilivuka mto, ikapanda kilima, ikafika kwenye shamba la kahawa la Mkongo mmoja, na pale, wiki ya pili ya ukimbizi, surua ilipommaliza Yugu, Kevina alichimba kaburi kwa jembe la kuazima, wazazi wakiwa hoi kwa ugonjwa, akamzika.