Hesabu ya Pumzi Moja

Vernon Hrynko alifika hamsini na mbili kwa pumzi moja, shingo yake ikiwa ndani ya kola ya plastiki, na Daktari Laflamme nusura apige makofi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mgonjwa anavuta pumzi, kisha anahesabu kwa sauti mpaka imwishie. Asiyefika ishirini hurudi kwenye mashine, maana mtu akivunjika shingo hata misuli ya kupumua hulegea, na anaweza kuzimika usingizini kama mshumaa. Vernon, aliyetupwa na farasi wiki tatu zilizopita, aliichukia mashine hiyo. Kinyago chake kilimziba mdomo, na Vernon bila mdomo si Vernon. Isitoshe, Ijumaa walikuwa wakimngoja kazini.

"Anahesabu mbio mno," alinong'ona muuguzi Gwen.

"Watu wa huku Alberta ndivyo mnavyosema," alijibu daktari, ambaye hata mwezi hakuwa amemaliza tangu atoke Montreal. "Nimeisikia kila namba. Hakuruka hata moja."

Akaamuru mashine iondolewe na mgonjwa ahamishiwe wodi ya kawaida.

Gwen alisema magurudumu ya mashine yamekwama. Jana yake pia yalikuwa yamekwama. Doreen, mke wa Vernon, alizitazama kucha za mumewe zilivyoanza kugeuka buluu, akafungua mdomo aseme kitu. Mumewe akamtolea macho. Akaufunga.

"Mzee, tuhesabu mara moja tu, ya kuagana," alisema Gwen. "Nikigonga kitanda, sema namba moja. Nisipogonga, nyamaza."

"Sista, wewe una roho mbaya."

"Vuta pumzi, mzee."

Akagonga taratibu, macho kwenye saa yake. Vernon alifika saba, pumzi ikamwishia, midomo ikabaki ikichezacheza bila sauti. Ajabu, magurudumu yalipona papo hapo, na kinyago kikarudi usoni pake kabla hajapata nafasi ya kubisha.

Daktari, masikio yamemwiva, alimuuliza Gwen alijuaje.

"Mwezi wa Aprili nilikwenda kwenye mnada wa ng'ombe, yeye ndiye mnadi, anamwaga bei hamsini kwa pumzi moja," alisema Gwen. "Niliinua mkono nijikune sikio, nikarudi nyumbani na mitamba wawili."