Shimo Lililouzwa Mnadani

Wanyama wa nyikani walikuwa na shule moja tu, na mwaka huo upepo mkali uliezua paa lake. Wazazi wakakubaliana kufanya mnada: atakayetoa mizigo mingi zaidi ya nyasi za kuezekea ndiye achukue kitu. Kazi ya kuchagua vitu wakapewa Kunguru na Bibi Nguchiro.

Kunguru alileta vifungo, vipande vya vioo na kijiko kinachometameta. "Hivi vitagombaniwa," alisema.

Bibi Nguchiro alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza kila mmoja anatamani nini. Kisha akaja na Mhanga, mchimbaji, aliyejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Mimi nauza shimo moja," akasema. "Mhanga atalichimba popote mnunuzi atakapo."

Kunguru alicheka. "Mama, unatutia aibu! Nani atanunua shimo?"

"Subiri, bwana. Nawajua majirani zangu."

Siku ya mnada, kijiko kilinadiwa mara tatu na hakuna aliyefungua kinywa. Lilipotajwa shimo, Ngiri aliruka. "Mizigo kumi! Mvua inakuja na wanangu wanalala nje."

Nungunungu akasema ishirini. Nyegere akasema thelathini. Mhanga alipoona hivyo akaahidi kuwachimbia wote watatu, kila mmoja kwa mizigo yake, na nyasi za paa zima zikapatikana.

"Ulijuaje?" Kunguru aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ulichagua ukiwa kiotani mwako," alijibu Bibi Nguchiro. "Mimi nilichagua nikiwa mlangoni kwao."